Vazi la Sungura kwa Siku ya Vitabu: Mwongozo Kamili wa Masikio Yasiyolala

Kila mwaka ikikaribia tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, picha za watoto waliovaa kama wahusika wa vitabu zinaanza kumiminika kwenye simu yangu. Ni zile zile. Sungura mwenye masikio yaliyolala kama vitambaa vya kupigia deki. Simba ambaye barakoa yake imeshukia kidevuni. Mtoto aliyevishwa boksi, amesimama pembeni analia kwa kuwa boksi halimruhusu kukaa. Chini ya picha swali ni moja: nimekosea wapi?

Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo naandika yote. Nitamchukua Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewazunguka Simba na Fisi kila siku, kwa sababu ndiye watoto wanayemtaka zaidi na ndiye anayewashinda wazazi wengi. Wengine nitawagusia baadaye.

Kazi ni ya jioni mbili. Ya kwanza kukata na kushona, ya pili kujaribisha na kurekebisha. Kama unasoma hapa usiku wa kuamkia sherehe, achana na Sungura, shuka moja kwa moja kwa Abunuwasi huko chini. Yeye anavalika kwa dakika kumi.

## Mahitaji

- Fulana kuukuu ya mtu mzima, ya pamba inayovutika. Hii ni ya kofia.
- Foronya au shuka kuukuu nyeupe, au kitambaa cha rangi ya udongo, kwa upande wa nyuma wa masikio. Kwa upande wa mbele, kipande cha rangi ya waridi.
- Kiraka cha jinzi, sentimita 16 kwa 9.
- Njiti sita za chelewa. Chomoa kwenye fagio jipya. Za fagio la zamani zimeshakauka na zinakatika.
- Uzi mzito, sindano, mkasi.
- Futi ya fundi. Huna? Pima kwa uzi kisha uuweke kwenye rula.
- Chaki, au kipande cha sabuni kilichokauka, cha kuchorea kwenye kitambaa.
- Gazeti la kukatia sampuli.
- Mabaki ya vitambaa vyeupe au pamba, kwa ajili ya mkia.
- Penseli ya wanja ya dukani.

Cherehani si lazima. Mimi ninayo, na bado masikio nayashona kwa mkono.

Vitu viwili nakuomba uviache dukani. Cha kwanza ni waya: ncha yake hutoboa kitambaa, na watoto wakikumbatiana macho huwa karibu. Cha pili ni gundi ya unga. Najua wengi mnaipenda, ila Aprili kwetu pwani ni masika. Kitu ulichokibandika Jumatatu bado kitakuwa kibichi Jumatano, na usiku mchwa na mende watakuja kula chao.

## Hatua ya 1: Fungueni kitabu kwanza

Kaa na mtoto, fungueni kitabu anachokipenda, umuulize: Huyu Sungura ungemjuaje kama angekuwa amesimama gizani?

Atakwambia masikio. Kama Sungura wa kitabu chake amebeba kitu, labda kibuyu cha asali au fimbo, atakitaja na hicho. Basi. Vazi lako ni masikio na kitu kimoja cha mkononi. Yanayobaki ni mapambo.

Nalisisitiza hili kwa sababu wazazi wengi wanachoka kwa kutaka kumtengeneza mnyama mzima, manyoya na pua na kucha, halafu lile la muhimu wanalishona saa sita usiku macho yakiwa yamefumba. Mtoto anatambulika kwa kitu kimoja kilichokaa vizuri.

## Hatua ya 2: Kofia ya fulana

Pima mzunguko wa kichwa, futi ikipita juu kidogo ya nyusi na kwenye kisogo. Watoto wa miaka 5 hadi 7 wengi wana kati ya sentimita 50 na 53. Binti anayevaa ushungi mpime akiwa ameuvaa, maana kofia itakaa juu yake.

Tuseme umepata 52. Kata kwenye fulana mstatili wenye urefu wa sentimita 52 na kimo cha sentimita 22. Hakikisha kitambaa kinavutika kwa urefu, yaani kuzunguka kichwa. Kikivutika kwenda juu tu, kofia itambana mtoto na masikio yatayumba.

Kunja mstatili, pande za rangi zikiangaliana, ushone ncha mbili ukiacha sentimita 1 ya upindo kila upande. Umepata bomba la sentimita 50. Limepungua kidogo kuliko kichwa, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kitambaa kitavutika na kushika.

Upande wa juu pitisha uzi mzito kuzunguka mdomo wote, mishono mirefu mirefu, kisha vuta kama unavyofunga mdomo wa kiroba. Funga fundo mara tatu. Geuza.

Umefanikiwa kama mtoto akiinamisha kichwa kofia haidondoki, na akiivua haiachi mstari mwekundu kwenye paji. Mstari ukionekana, fumua upanue. Mtoto atakaa nayo nusu siku.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wasitumie mkanda wa kichwa tu, wenye lastiki. Kwa sababu mkanda mwembamba hauna pa kusimamishia sikio. Na lastiki inayopita chini ya kidevu siitaki kabisa kwa mtoto anayekimbia. Ikinasa mahali inamkaba.

## Hatua ya 3: Kata masikio

Chora sampuli kwenye gazeti. Umbo ni kama jani la mwembe: kimo sentimita 24, tumbo lina upana wa sentimita 9, chini sentimita 6, juu limechongoka kwa mviringo. Ncha kali hutaiweza kuigeuza.

Kata vipande vinne, viwili vya kitambaa cha nyuma na viwili vya waridi.

Ukishashona, sikio litakalosimama litakuwa na kimo cha sentimita 20. Sentimita 3 za chini ni miguu, nitaieleza sasa hivi. Usiongeze kimo hata mtoto akikuomba. Kila sentimita unayoongeza juu inazidisha uzito unaovuta kule chini, na kule chini ndiko kwenye ugonjwa wote.

## Hatua ya 4: Tia mfupa

Hapa ndipo pa kutulia.

Chukua kipande cha nyuma cha sikio. Kata ukanda wa kitambaa, upana sentimita 3 na urefu sentimita 19. Uweke katikati ya sikio, upande utakaofichika, kuanzia sentimita 3 kutoka chini. Shona pande zake mbili na juu. Chini acha wazi. Sasa una mfuko mwembamba kama ala ya kisu, mwisho wake ukiwa chini kidogo ya ncha ya sikio.

Weka kipande cha waridi juu ya hiki cha nyuma, pande za rangi zikiangaliana, mfuko ukiwa nje. Shona kuzunguka, lakini usishone sentimita 3 za chini kila upande, wala mdomo wa chini. Geuza. Tumia kitako cha kalamu kusukuma ncha itokeze vizuri.

Kata chelewa tatu, kila moja sentimita 18. Zifunge pamoja kwa uzi, juu, katikati na chini. Kisha kila mwisho uzungushie kitambaa kidogo na ukishone, kifanane na kichwa cha njiti ya kiberiti. Usiruke hapo. Chelewa iliyoachwa wazi itapenya kitambaa mchana, jua likishawaka na watoto wameshaanza kusukumana.

Ingiza kifurushi kwenye ala kutoka chini, kisha ziba mdomo wa ala kwa mishono minne mitano.

Kwa nini tatu na si moja nene? Moja ikikunjwa inakatika. Tatu zilizofungwa pamoja zinapinda, zinarudi. Bonyeza ncha ya sikio mpaka liiname, kisha achia. Likirudi lenyewe, mfupa umekaa. Likibaki limeinama, chelewa zako ni kavu mno, chomoa nyingine.

## Hatua ya 5: Simamisha

Masikio mengi niliyotumiwa picha zake hayana kosa lolote juu. Yanaanguka kwa sababu yameshonwa kwenye kofia kwa mstari mmoja tu, kama bawaba ya mlango. Bawaba kazi yake ni kufungua na kufunga. Usishangae sikio likifunga.

Dawa yake ni ile miguu uliyoiacha bila kushona. Mguu wa mbele, wa waridi, ukunje uende mbele. Mguu wa nyuma uende nyuma. Sikio sasa linasimama kama mtu aliyetanua miguu kwenye daladala, mmoja mbele mmoja nyuma, dereva apige breki atakavyo.

Mvalishe mtoto kofia. Weka alama kwa chaki akiwa ameivaa, si kofia ikiwa mezani, kwa kuwa juu ya kichwa kitambaa kinavutika na alama za mezani zinahama. Masikio yakae utosini, nyuma kidogo ya mstari unaounganisha masikio yake mwenyewe. Kati ya katikati ya sikio moja na katikati ya la pili acha sentimita 9.

Vua kofia. Ndani, chini ya alama, weka kile kiraka cha jinzi. Fulana peke yake ni laini na itanyanyuka pamoja na sikio; jinzi ndiyo sakafu.

Shona kila mguu kuzunguka kingo zake zote tatu, sindano ikipita mguu, fulana na jinzi. Kila ukipiga hatua moja mbele, rudisha sindano nusu hatua nyuma. Ni polepole, ila mshono wa namna hii haufumuki ovyo. Mafundo yote yaishie juu, kwa sababu fundo la ndani linamchoma mtoto utosini naye atakuwa anajikuna hadi mwisho wa sherehe.

Mafanikio yake ni haya: shika kofia kwa pindo, itikise. Masikio yayumbe kama minazi kwenye kusi, kisha yarudi yalipokuwa.

Bado yanalala? Angalia yanalala kwenda wapi. Yakienda nyuma, mguu wa mbele umelegea. Uvute mbele kidogo na uushone upya. Yakitanuka pembeni, unganisha masikio mawili kwa uzi mmoja wa rangi ya kitambaa, sentimita 3 kutoka chini. Kwa mbali hauonekani.

## Hatua ya 6: Mkia na nguo

Mkia ni tonge la pamba ndani ya mduara wa kitambaa, unakaza mdomo kwa uzi, unashona kwenye kaptula. Shona juu kidogo, usawa wa kiuno, si pale anapokalia.

Nguo zake za kawaida zinatosha. Fulana nyeupe au ya udongo, kaptula, ndala zenye mkanda nyuma. Aprili ni joto na unyevu. Manyoya ya bandia na sweta waachie wa Arusha.

## Hatua ya 7: Uso

Usifunike uso. Barakoa inateleza, inaficha macho, na mtoto akihema inaloa. Mchoree.

Penseli ya wanja inatosha: ncha ya pua iwe nyeusi, sharubu tatu kila shavu. Siku moja kabla, chora mstari ndani ya mkono wake na uusubiri mpaka jioni. Ukiona wekundu au anajikuna, uso ubaki kama ulivyo, masikio yatasema.

Wanja wa manga usimpake mtoto. Baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwake hata kidogo kidogo.

Na piko, tafadhali. Mwaka mmoja nilimwacha mwanangu kwa jirani amalizie kumchora. Jirani akaona wanja unafutika, akamchora sharubu kwa piko. Zilipendeza kweli. Zilikaa wiki nzima na ushee, mtoto akaenda nazo shule, msikitini na kwenye arusi ya shangazi yake, na namshukuru Mungu ilikuwa hivyo tu. Piko ni dawa ya nywele, na kemikali iliyomo inaweza kumuunguza mtoto ngozi ikatoa malengelenge.

## Hatua ya 8: Jaribio

Jioni ya pili mvalishe kila kitu, kisha mpe kazi tatu. Aruke mara kumi. Ainame aokote kitu chini. Akimbie mpaka getini na kurudi. Baada ya hapo akae kwenye kiti na anywe maji.

Kitakachofumuka kitafumuka hapo, ukiwa na sindano mkononi.

Mfundishe na tendo moja la mhusika wake. Katika ile hadithi ambamo Simba amejificha nyumbani kwa Sungura, Sungura anasimama nje na kuisalimia nyumba, halafu anajifanya kushangaa kwamba leo nyumba haiitikii. Mtoto akisimama mbele ya wenzake, akaweka mkono sikioni na kuisalimia nyumba, hata aliyekaa nyuma kabisa atamjua ni nani. Na atacheka Simba akiitika.

## Wahusika wengine, kwa kifupi

Kobe. Tumia kawa la kufunikia chakula. Limeshafanana na gamba, ni jepesi, na jua na jasho halilitishi. Bonyeza kile kichongo cha juu kiingie ndani kidogo. Kwa shazia, yaani sindano kubwa, shona kanda mbili za kanga iliyokunjwa, upana sentimita 5, zipite mabegani kama za begi la shule. Kamba nyembamba zinakata mabega. Chagua kawa lisilozidi upana wa mgongo wake kwa zaidi ya kiganja kila upande. Nilipomtengenezea binti yangu la kwanza aliniuliza, "Mama, na nikitaka kukaa?" Sikuwa nimefikiria. Tangu hapo kanda nazifunga kwa fundo la mbele kifuani, anavua mwenyewe.

Fisi. Kofia ni ile ile na miguu ya masikio ni ile ile. Masikio yenyewe yawe ya mviringo, kimo sentimita 9, na hayahitaji chelewa. Fulana ya rangi ya gunia, madoa ya mkaa uliosagwa na kuchanganywa na maji kidogo. Hayatadumu, nayo ni heri.

Simba. Kata mashuka ya njano na kahawia kuwa vipande vya upana wa vidole viwili, uvifunge kimoja kimoja kwenye pindo la kofia mpaka uso uzungukwe. Utahitaji vingi kuliko unavyodhani. Mimi hufika themanini. Mbele ya macho acha wazi. Na Simba huyu asikaribie jiko, mshumaa wala koroboi.

Abunuwasi. Kanzu, kilemba, na sufuria yenye kisufuria ndani yake. Kila anayejua kisa cha sufuria iliyozaa atacheka kabla mtoto hajafungua mdomo. Kanzu iishie juu ya vifundo vya miguu. Ya kaka yake ikiwa ndefu, ipandishe kwa mishono mirefu utakayoifumua kesho. Kilemba kifunge juu ya kofia ya fulana, bila masikio, na ukikaze kwa mishono miwili nyuma. Kilemba kisichoshonwa huwa kinafunguka mtoto akiwa ndiyo kwanza ameanza kusema.

## Asubuhi yenyewe

Chai kwanza, vazi baadaye. Uso uwe wa mwisho kabisa.

Masikio yasafiri ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko, si kichwani. Mvua ya Aprili haipigi hodi, na ndani ya daladala hayatabaki wima. Kwenye ndoo tia na sindano iliyokwisha kutungwa uzi mweupe, kipande cha jinzi cha akiba na kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi cha kufutia wanja.

Mwalimu wake mpe habari kwamba kofia inavuka bila kufumua chochote. Wapo walimu wanaoogopa kumvua mtoto vazi asije akaharibu kazi ya mama yake, na mtoto anabaki anatokwa jasho mpaka saa saba.